Jabali Lililokubali Kila Neno

Katika nchi ya Itikio hakuna mtu anayetawala. Ndivyo wanavyoeleza watawala wake. Linalotawala ni jabali. Limesimama wima upande wa mashariki wa korongo kuu, jekundu, pana, laini kama ukuta uliopigwa lipu, na jina lake rasmi ni Jabali la Umma. Jambo lolote linalowahusu watu wote hupelekwa mbele yake na kuulizwa kwa sauti kubwa, na neno linalorudi huhesabiwa kuwa kauli ya wananchi. Jabali hilo halijawahi kuikatalia Serikali. Halijawahi pia kuwakatalia wapinzani, ambao hupewa zamu yao alasiri.

Sekela Mwasandube alielezwa hayo mpakani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huo si mwangwi?"

"Neno hilo hatulitumii katika ofisi za Serikali, bibi," afisa akajibu kwa upole. Akawaonyesha mwamba mdogo kando ya lango. "Ulizeni pale kama mwingie."

Mumewe, Ambakisye, alitoa kichwa dirishani akaita, "Tuingie?" Mwamba ukarudisha, tuingie. Afisa akagonga mhuri. "Wananchi wamekubali. Karibuni sana."

"Na kama ningeuliza turudi?"

"Mngerudi, baba. Sisi hatuvunji kauli ya watu."

Ambakisye alicheka mpaka akakohoa. Sekela hakucheka. Alikuwa amestaafu kazi ya kupima mito, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutopenda kitu chochote kinachotoa jibu lile lile alilopeleka yeye mwenyewe.

Walikuwa wakisafiri kwa gari-nyumba ambalo Ambakisye, seremala, alikuwa amelijenga juu ya lori kuukuu: kitanda, jiko, tangi la maji, na kiti cha mbele kilichoinuliwa kwa ajili ya nyonga yake mbovu. Aliliita Kobe, kwa sababu lilikwenda polepole na kubeba nyumba yake mgongoni. Kitu kimoja tu ndani yake hakikuwa cha kikobe: honi, iliyotoka katika lori la magogo, ambayo mkewe alikuwa amemwomba mara nyingi aing'oe. Wote wawili walitoka Rungwe, na safari ilikuwa matakwa ya mume. "Nimezaliwa mvuani, nimeoa mvuani, nimewazika wazazi mvuani," alisema. "Kabla sijafa nataka nione nchi kavu."

Nchi ilikuwa kavu, tena ya ajabu. Yalikuwako matao ya mawe ambayo lori lingeweza kupita juu yake. Zilikuwako nguzo zilizojitwika majabali kichwani. Kuta za makorongo zilikuwa na mistari, nyekundu juu ya njano juu ya kijivu, kama kanga zilizokunjwa dukani, na upepo ulipovuma mchanga ulidondoka kutoka kwenye kingo kama unga kwenye chekeche. Ambakisye alisimamisha gari kila kona ili atazame juu. Sekela alitazama kuta, usawa wa kati, na hakupenda alichokiona. Palikuwa na gogo limebanwa katika ufa, juu sana kuliko paa la Kobe.

Aliuliza habari za gogo hilo walipofika Kooni, pale korongo kuu linapobanana mbele ya Jabali, mahali ambapo wageni na wenyeji hupiga kambi siku ya Baraza. Msimamizi wa kambi aliitwa Bi Kidawa, mwanamke mnene, nadhifu, mwenye shada la funguo kiunoni.

"Lile ni Gogo la Wahenga," Kidawa alisema. "Liliwekwa na wahenga wetu."

"Walilifikishaje kule juu?"

"Wahenga wetu walikuwa warefu."

"Nani kasema?"

"Jabali. Tuliliuliza: wahenga walikuwa wafupi, au walikuwa warefu?"

"Mama Tusa," Ambakisye alisema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "ungemuuliza na kilo zao."

Sekela aliendelea kulitazama gogo. Lilikuwa halina gome, ncha zake zimelainika kama sabuni iliyotumika, na mti wa aina ile haukuota popote katika nchi waliyoipita. Maji ndiyo yaliyolileta, na yalikuwa yamefika pale pale lilipokwama. Alitazama sakafu ya korongo. Mahema yalikuwa yamepangwa kwa mistari mpaka karibu na kijito chembamba cha katikati; kulikuwa na wauza kahawa, watoto, mbuzi wa karamu, na magari mengi yaliyoegeshwa mkia kwa kichwa.

"Bi Kidawa, mtu akitaka kuondoka haraka anapita wapi?"

"Hakuna anayeondoka siku ya Baraza, dada. Injini haziruhusiwi kunguruma, zinamkatiza Jabali kauli. Nipe ufunguo wako nikuwekee kibandani, jioni utaupata. Ni amana hiyo."

"Na kwa miguu?"

Kidawa alielekeza kidevu kwenye ukuta wa magharibi, ambako njia ya mbuzi ilipanda ikijipindapinda mpaka kwenye ukingo. "Iko ile, lakini haitumiki. Ilikuwa ya kijiji cha Ukingoni. Kiliondolewa."

"Kwa nini?"

"Nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti, na nguo zao walizianika hovyo. Zilikuwa zinameza sauti. Jabali lilisikika kwa unyonge." Alisema bila haya wala kejeli. "Basi ikabidi watu wahamishwe ili wananchi wasikike."

Ambakisye alitoa ufunguo. Sekela alitaka kumzuia, lakini hakuwa na sababu zaidi ya gogo, na gogo lilikuwa pale miaka mingi.

Baraza lilianza asubuhi hiyo hiyo. Mwulizaji Mkuu, Mheshimiwa Makungu, mtu mwembamba mwenye miwani, alipanda ngazi ya mawe iliyochongwa mbele ya Jabali. Mada ilikuwa soko jipya ambalo lingejengwa pale pale Kooni, kwenye sakafu ya korongo. Alieleza faida zake kwa ufasaha, kisha akageukia ukuta: "Tuliache, au tulijenge?" Jabali likasema tulijenge, mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi, mara ya tatu kama mtu anayenong'ona. Umati ukapumua kwa pamoja. Mzee mmoja karibu na Sekela alifuta machozi. "Umesikia tulivyokubaliana?" akasema.

Sekela hakuwa akisikiliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya kijito. Walipofika, maji yake yalikuwa yanaonyesha mawe ya chini. Sasa yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Povu jembamba lilipita, kisha kijiti kibichi chenye majani, na majani hayo hayakuwa ya jangwani. Alichomeka kijiti hicho pembezoni mwa maji, akatazama kaskazini. Juu ya Kooni mbingu ilikuwa buluu tupu. Mbali, kule makorongo yalikoanzia, safu ya milima ilikuwa imepotea ndani ya weusi. Upepo ulioshuka kutoka huko ulikuwa wa baridi na ulinukia udongo uliolowa, harufu ambayo mtu wa Rungwe haikosei. Alipotazama tena kijiti chake, kilikuwa kimesimama ndani ya maji.

Alikwenda kwa Kidawa akaomba ufunguo. Alieleza sababu kwa mpangilio: rangi, povu, majani, upepo, milima.

"Dada, tazama juu," Kidawa alisema. "Kuna wingu?"

"Mvua haihitaji kunyesha hapa ili maji yapite hapa."

Kidawa alisitasita. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeelewa na asiyetaka kuelewa. "Mimi siwezi. Twende kwa Mheshimiwa."

Makungu aliwapokea hemani kwake, akamkaribisha Sekela kiti na kahawa. Sekela hakukaa.

"Unatudhania wajinga," Makungu alisema alipokwisha kumsikiliza. "Mimi nimesoma fizikia, mama. Naijua kasi ya sauti. Kila mtoto wa Itikio anajua ule ni mwangwi."

"Basi unajua si jibu."

"Zamani tulikuwa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe. Unajua ilituchukua muda gani kukubaliana pa kuchimba kisima? Waliouanzisha mjadala walikufa na kiu yao. Jabali linajibu kabla hujafumba mdomo, na wote wanasikia jibu moja kwa wakati mmoja. Nitajie nchi nyingine yenye bahati hiyo."

"Maji yanakuja, Mheshimiwa."

"Suala la maji liliulizwa ilipochongwa ile ngazi. Mafuriko yapo, au hakuna? Jibu lilikuwa hakuna. Kuuliza tena ni kuwaambia wananchi kwamba walikosea."

"Mvua inanyesha kule." Sekela alinyoosha mkono kuelekea kaskazini.

Makungu alitazama weusi ule kwa makini, kama mtu anayeheshimu ushahidi. "Kule si Itikio," akasema.

Nje ya hema alikuwa amesimama kiongozi wa upinzani, Bwana Nyange, akisubiri zamu yake ya alasiri na kusikiliza bila kujificha. Alimfuata Sekela kwa hatua za haraka.

"Mama, mimi nitakusaidia. Nitaliuliza Jabali: nani kaleta mafuriko, Mungu au Serikali?"

"Mafuriko hayajafika."

"Ndiyo maana nataka niwahi."

"Bwana, mimi nataka watu watoke."

"Hata mimi," Nyange alisema kwa moyo wake wote. "Tangu uchaguzi uliopita."

Sekela aliachana naye. Kijiti hakikuonekana tena. Maji yalikuwa yamegusa kamba za hema la kwanza, na wenye hema walikuwa wakilisogeza kidogo, wakicheka, kama watu wanaompisha mgeni kwenye mkeka. Alimkuta Ambakisye ameketi kwenye kiti chake cha mbele, mlango wazi, fimbo magotini. Naye alikuwa ameinusa harufu ile.

"Njia ya mbuzi?" alisema.

"Huwezi kuipanda peke yako."

"Peke yangu siwezi. Lakini hawa wote wanaweza." Alionyesha mahema kwa fimbo. "Anza na hao. Mimi nipo, siendi popote."

"Baba Tusa."

"Nenda, mama. Maji hayakungoji ukinitazama."

Alipanda ngazi ya Mwulizaji. Haikuwa na mlinzi, kwani hakuna mtu katika nchi hiyo aliyewahi kuwaza kuipanda bila kupewa zamu. Alisema yale aliyoyajua, kwa sauti ya kutosha na kwa maneno ya kawaida: kwamba maji yamebadilika rangi, kwamba milimani kunanyesha, kwamba korongo hili ni mto na wao wamelala ndani yake, kwamba gogo lile ni alama ya mahali maji yalipofika mara ya mwisho. Umati ulimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, wote waligeuza nyuso kwa Jabali. Hotuba ilikuwa ndefu. Jabali lilirudisha vipande vilivyovurugana, manung'uniko yasiyo na neno ndani yake.

"Halijakubali," yule mzee alisema chini ya ngazi, akimsikitikia.

Maisha yake yote Sekela alikuwa ameamini kwamba ukweli ukielezwa vizuri hauhitaji kubebwa. Alisimama pale akiwa na ukweli wote na haukusogeza hata hema moja. Basi akafanya jambo alilolidharau. Aligeukia ukuta akapaza sauti.

"Tubaki, au tupande?"

Tupande, Jabali likasema. Tupande.

Umati ulitikisika. Watu waliinama wakachukua watoto, wakachukua sufuria, wakaanza kuelekea ukuta wa magharibi. Hakuna aliyeuliza sababu. Walikuwa wamekwisha kuianza njia ya mbuzi Makungu alipotoka hemani, akaona, akapanda mpaka katikati ya ngazi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mwalimu anayesahihisha.

"Tupande, au tubaki?"

Tubaki, Jabali likasema.

Watu wakasimama. Wa juu wakaanza kushuka, wa chini wakawapisha, mwanamke mmoja akalitua tena sufuria lake majini bila kuona kwamba ni majini. Sekela akauliza tena, wakapanda. Makungu akauliza tena, wakashuka. Nyange naye alikuwa akipiga kelele kutoka chini kwamba zamu ya asubuhi imekwisha na kwamba kauli zote mbili ni batili. Njia ya mbuzi ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakienda na kurudi kwa utiifu mkubwa, huku maji yakiwafika wa mwisho kwenye vifundo vya miguu. Kutoka kaskazini, nyuma ya kona, ulikuwa umeanza mtetemo ambao haukusikika bado kwa masikio, ila kwa nyayo.

Ndipo Kobe lilipolia.

Honi ya lori la magogo haihitaji ufunguo. Hilo sheria ya Itikio haikulifikiria. Ambakisye aliikandamiza na hakuiachia. Sauti ilijaa korongo, ikagonga Jabali, ikarudi, ikakutana na nyingine iliyokuwa ikienda, mpaka haikujulikana ipi ni honi na ipi ni jibu. Makungu alifungua mdomo akauliza kitu. Hakuna aliyesikia. Sekela aliuliza lake. Hakuna aliyesikia. Jabali la Umma, kwa mara ya kwanza tangu lipewe jina hilo, halikuwa na la kumwambia mtu.

Watu walisubiri kidogo. Halafu, kwa kuwa masikio hayakuwa na kazi, walianza kutumia macho. Mwanamke wa sufuria alitazama miguu yake. Mzee alitazama kona ya korongo. Wauza kahawa walitazama birika zao zinavyoelea. Mmoja akapanda, si kwa kuambiwa, halafu mwingine, halafu wote, wakivutana mikono, mbuzi mbele kuliko watu.

Sekela alikuwa akikimbia upande wa pili, kuelekea garini. Alimkuta Kidawa amekwisha kufika, amekuja kuzima honi kama sheria inavyotaka. Alikuwa amesimama maji magotini, akimtazama Ambakisye, na Ambakisye akimtazama yeye, kidole kikiwa pale pale.

"Mshike huku," Sekela alipiga kelele.

Kidawa alimshika. Kabla ya kushuka, Ambakisye alikaza fimbo yake kati ya kiti na usukani, honi ikaendelea kulia bila mtu. Wanawake wawili walimbeba, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, yeye akiomba radhi kwa uzito wake kila hatua. Mwanzo wa njia vijana walishuka wakampokea. Hapo Kidawa akageuka.

"Unakwenda wapi?"

"Funguo. Ziko kibandani."

Sekela alimkamata mkono. "Magari yanakwenda na maji. Funguo za nini?"

"Nimewaambia watu nitawarudishia jioni," Kidawa alisema, kama anayeeleza jambo dogo. Akajinasua, akakimbilia kibandani.

Maji yalipinda kona. Hayakuwa na sura ya maji; yalikuwa ukuta wa matope, mawe na miti mizima, na yalikuja kwa mwendo ambao Sekela aliukadiria hata pale, kwa mazoea, na akatamani asingeukadiria. Honi iliendelea kulia ndani yake. Walioko njiani waliisikia ikipita chini yao, ikielekea kusini, ikipanda na kushuka, mpaka ikakatika.

Ukingoni palikuwa na misingi ya nyumba zilizobomolewa, na watu waliketi juu yake, wamelowa, kila familia kwenye sebule ya mtu aliyefukuzwa. Makungu alikuwa amepoteza miwani. Alisimama kwenye ukingo, akajiweka sawa, akauliza kwa sauti yake ya kazi, "Walioshindwa ni nani, walioshinda ni nani, kama si sisi?" Mngurumo wa maji ulilimeza swali lote. Alisubiri. Watu walisubiri pamoja naye, nusu kwa mazoea, na hakuna kilichorudi. Baadaye alikaa chini kama wengine.

"Mama," yule mzee alimwambia Sekela, "sasa tuseme nini?"

"Sijui." Alikuwa ameshika kitambaa kwenye goti la mumewe lililochubuka. "Tazamaneni kwanza. Nani hayupo?"

Lilikuwa swali geni. Halikuwa na jibu ndani yake. Mzee alilifikiria, kisha akaita jina la mwanawe, na mwana akajibu, "Nipo," kwa sauti ya kukereka. Mwanamke wa sufuria akaita dada yake. Jirani akaita jirani. Majina yakasambaa ukingoni kote, na kila jina likajibiwa kwa sauti yake, nzito, nyembamba, ya kikohozi, ya kilio, nyingine kwa ubishi kwamba alikuwa hapo muda wote ila hawakumtazama. Makungu aliitwa na mtu asiyemjua. Alichelewa kujibu. "Nipo," alisema. Nyange alijibu kabla hajaitwa.

Jua lilipoelekea kuzama, maji yalikuwa yamepungua mpaka yakawa mto wa kawaida, na mngurumo ukawa umeshuka kiasi kwamba mtu angeweza kuzungumza. Jina moja lilikuwa limebaki. Vijana wawili walikwenda ukingoni kabisa, wakaweka viganja mdomoni.

"Kidawa!"

Kutoka ng'ambo, wazi, bila kupungukiwa hata herufi, jina lilirudi. Kidawa.

Mtoto mmoja aligutuka kwa furaha, akamtazama mama yake, halafu akawatazama watu wazima wote. Nyuso zao zilikuwa zimeelekea chini korongoni. Hakuna aliyesema kwamba amejibu.

Ambakisye aliomba apatiwe fimbo nyingine. Wale vijana wakaanza kushuka kumtafuta.